Pumzi ya Taata Siku ya Kumtoa Leokadia

Kamuli, Jumapili, 16 Agosti 1953

Leo hakuna upepo. Vumbi la jana limetua juu ya majani ya migomba, na anga lina rangi ya majivu kama ilivyo kawaida mwezi huu, watu wanapochoma nyasi za mlimani. Tumerudi kutoka misa mapema. Nyumba imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa juzi, kwa sababu dada yangu Leokadia hayumo.

Nimekaa nje karibu na mikeka ya kahawa. Kazi yangu ni kufukuza kuku, na ni kazi inayomruhusu mtu kuandika.

Nitaandika mambo yalivyofuatana. Nikianza na jana itaonekana ni habari ya harusi, nayo siyo. Ni habari ya pumzi.

Taata, baba yangu, alichimba bati katika milima ya Kyerwa tangu kabla sijazaliwa mpaka nilipoanza shule. Aliingia shimoni baruti ikiwa imetoka kulipuka na vumbi bado linaning'inia. Alirudi nyumbani na koti zito, baiskeli na kikohozi. Baiskeli iliuzwa. Koti liliisha. Kikohozi kipo.

Mwaka huu kikohozi kimepungua, na mahali pake pamekuja kuhema. Anahema akitoka mlangoni kwenda zizini. Anahema akifunga kamba za viatu. Usingizi anaupata ameegemea ukuta, mto ukiwa mgongoni. Shule ilipofungwa nilimkuta hivyo, na kila mtu nyumbani alikuwa ameshazoea.

Nilitumwa mimi kumsindikiza kwenye hospitali ya misheni. Maama alikuwa na kahawa ya kuchuma, na Leokadia, akiwa mchumba aliyekaribia kutolewa, hakuruhusiwa kutembea juani. Tulipanda lori. Taata aliketi mbele na dereva, mimi nikakaa juu ya magunia nikiwa na mkoba wangu. Ndani ya mkoba kulikuwa na kitabu cha jiografia cha shule. Huwa sisafiri bila kitabu, hata kama sitapata nafasi ya kukifungua.

Sista anayetibu pale alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Anasema Kiswahili cha vitabuni, kama mimi, kwa hiyo tulielewana upesi. Alieleza bila kuzunguka kwamba si kifua kikuu. Vumbi la mawe limeacha makovu kwenye mapafu, na dawa ya kuyaondoa hakuna. Kisha akasema kuna kitu ambacho mgonjwa anaweza kufanya mwenyewe kila siku, nacho kitampunguzia taabu. Nilifikiri ni majani ya kuchemsha.

Kilikuwa ni kupumua.

Taata alimtazama kwa adabu. Alikuwa amepumua maisha yake yote.

Sista akasema shida yake si kuingiza hewa peke yake. Hewa ya zamani haitoki yote, naye anaongeza nyingine juu ya ile iliyokwama, kama mtu anayemimina maji kwenye kibuyu kilichojaa. Akamfundisha. Avute kwa pua, kidogo, tumbo lipande na mabega yatulie. Kisha atoe kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji, taratibu, muda mrefu kuliko alivyovuta. Asishindane na kifua. Akiona amezidiwa, akae, ainame mbele, viwiko juu ya magoti, aendelee kupoza uji wake.

Aliwasha mshumaa. Apulize, mwali uiname, usizimike. Taata aliuzima mara moja, akanigeukia akitabasamu. Sista aliuwasha tena.

Halafu akamlaza kitandani akatafuta kitu chepesi cha kumwekea tumboni, ili aone mwenyewe likipanda na kushuka. Macho yake yakaangukia kitabu changu. Jalada lake lina ramani ya Afrika. Taata hajui kusoma, lakini ramani ile anaijua, maana nimemwonyesha tulipo. Aliitazama ikipanda, ikashuka, ikapanda vibaya.

"Afrika inatetemeka," alisema.

Ni utani wake wa kwanza niliousikia tangu nifunge shule.

Nyumbani tulikuta mambo ya Leokadia yamefika mbali. Ndizi za pombe zilikuwa zimefukiwa shimoni ziive, na siku ilikuwa imepangwa. Hapa lazima nieleze jambo moja, ingawa kila mtu wa Karagwe analijua.

Wageni wakija kumchukua binti, baba yake husimama mbele yao na mkuki mkononi, akafanya kwebuga. Hujisifu. Hutaja majina yake ya sifa, aliyoyatenda na aliyoyavumilia, ili wanaomchukua mtoto wajue wamemtoa kwa nani. Maneno hutoka haraka kama mtama unaomwagwa. Kila ubeti husemwa kwa pumzi moja, na mwishoni wasikilizaji huitikia "Eee". Anayepumua katikati ya ubeti huchekwa. Wavulana hushindana hivyo machungani tangu wakiwa wadogo, na Taata alikuwa bingwa wao. Watu wa rika lake bado wanalisema hilo.

Baba mdogo Kaiza, mdogo wake Taata, alikuja jioni moja akazungumza habari za kuni, habari za nyasi za kutandika sakafuni, kisha akasema, kama aliyekumbuka tu, kwamba yeye yuko tayari kusimama badala ya kaka yake. Kifua si mchezo, alisema.

Taata alimuuliza, "Leokadia ni mtoto wako?"

"Ni wetu, kaka."

"Basi mtoe siku akiwa wako."

Hawakugombana. Walikunywa uji, Kaiza akaenda zake. Lakini Maama alikwisha kumwandalia Kaiza kanzu kimya kimya, nami niliiona imekunjwa juu ya sanduku.

Leokadia aliniita chumbani kwake. Alikuwa akipakwa samli na shangazi, na shangazi alipotoka kufuata maji, Leokadia aliniambia neno moja. Alisema Kaiza akisimama, wale watu watarudi kwao wakidhani wamechukua yatima.

Hakulia. Alisema hivyo tu, akaendelea kujipaka kiwiko.

Kwa hiyo zoezi la Sista likawa na kazi.

Asubuhi kabla ya jua, na tena jioni, Taata alilala kwenye mkeka, kitabu tumboni, nami nikakaa kando. Maama alimhamisha mbali na jiko, naye Taata akachukia kidogo, kwa sababu anapenda moto. Siku za mwanzo nilimwona anafika zizini bila kusimama njiani. Niliona zoezi linafanya kazi. Kisha akaanza kurudi nyuma. Mchana alikuwa mchovu, na mshipa wa shingo ulicheza hata akiwa ameketi. Zoezi lilikuwa lile lile. Sikuelewa.

Niliendelea kutoelewa mpaka nilipotumwa kumwita kula.

Nilimkuta ndani ya migomba, nyuma kabisa, mahali ambapo majani makavu hunyamazisha sauti. Alikuwa amesimama na fimbo badala ya mkuki. Alivuta hewa mpaka mabega yakafika masikioni, akaishikilia, kisha akaumwaga ubeti wa zamani, ule mrefu wa babu yake na ng'ombe waliovushwa mto. Hakufika mwisho. Alidondosha fimbo akakumbatia mgomba. Midomo yake ilikuwa na rangi ya anga la leo.

Nilisimama pale. Hakuwa ameniona.

Nimelifikiri jambo hili, na naona hakuna mwanamume wa hapa ambaye asingefanya vile. Kwao pumzi ni kile unachoingiza. Wamepimana kwa hicho tangu utoto. Ameambiwa kuna mazoezi ya pumzi, basi akajua ni mazoezi ya kujaza. Alichofundishwa na Sista alikifanya asubuhi na jioni kwa utii, kisha mchana akaenda migombani kukitumia kinyume. Hakuna aliyewahi kumsifu mtu kwa hewa aliyoitoa.

Ilibidi niseme kitu. Mimi ni mtu ambaye hata shuleni hujibu swali nikitazama dawati, na huyu ni baba yangu. Nilingoja aketi. Nikaketi mbali kidogo, nikawaambia siafu waliokuwa wakipita:

"Taata, kibuyu kimejaa, na unaongeza."

Alipoza uji kwanza. Aliupoza vizuri. Kisha akasema mwanamume akipumua katikati ya ubeti anachekwa, kama anayenifundisha jambo nisilolijua.

Nikasema beti ziwe fupi.

Aliokota fimbo yake, akainuka. Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele. Nilidhani nimemkosea.

Kesho yake asubuhi alilala kwenye mkeka, nikaweka kitabu. Alivuta kidogo. Badala ya kupoza uji akasema maneno machache kwa sauti ya chini, kisha akamalizia kutoa hewa kwa midomo iliyobanwa mpaka Afrika ikashuka kabisa. Akavuta kidogo tena. Maneno machache mengine. Hayakuwa ya babu yake. Ng'ombe waliovushwa mto hawakuweza kukatwa vipande, kwa hiyo aliwaacha. Alikuwa akitunga mapya, nayo yalikuwa ya shimoni.

Ilibaki shida moja. "Eee" ya wasikilizaji ni fupi. Inaanguka kama kofi, kisha watu wananyamaza wakingoja, na anayekawia anaonekana amesahau. Kwa muda huo mtu anaweza kuvuta hewa. Kuitoa yote hawezi. Nililifikiri nikichuma kahawa, nikalifikiri nikiteka maji. Njia ilikuwa moja tu, kwamba "Eee" yenyewe irefuke. Na upande wetu anayeongoza kuitikia ni baba mdogo Kaiza.

Kwenda kwake kulinitisha kuliko lori.

Nilimkuta ndani ya mtumbwi wa pombe, suruali imekunjwa mpaka magotini, akikanyaga ndizi pamoja na nyasi. Nilisema shikamoo. Aliitikia, akaendelea kukanyaga. Nilimweleza yote, makovu, mshumaa, kibuyu, migomba, na kwamba ninaomba waitikie kwa kirefu. Nilikuwa nikitazama juisi ikipanda kati ya vidole vyake vya miguu. Sikumtaja Leokadia wala kanzu.

Alicheka. "Yaani Yustina, unataka wanaume wazima wa Kamuli walie kama ng'ombe anayeita ndama?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa urefu gani?"

Sikuwa na neno la kusema urefu huo. Niliweka kiganja mbele ya mdomo, nikabana midomo, nikapuliza mpaka hewa ikaisha. Aliacha kukanyaga akanitazama.

"Mtoto wa shule wewe," alisema.

Akarudia kukanyaga. Niliondoka bila kujua kama hiyo ni ndiyo au hapana.

Sasa jana.

Walikuja kabla ya adhuhuri, kutoka upande wa Nyabiyonza, wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Waliketi kwenye nyasi mpya. Kahawa ya kutafuna ilizunguka kwenye kikapu kidogo, pombe ikafuata. Mimi nilikuwa mlangoni pa chumba cha ndani pamoja na wanawake, nikiona kwa ufa. Leokadia alikuwa nyuma yangu amefunikwa. Alinishika gauni kwa mgongoni. Kaiza alikuwa amevaa ile kanzu.

Mzee wa upande wao alimaliza kusema kilichowaleta. Nilimwona Kaiza anamtazama Taata, naye Taata hakumtazama mtu. Aliinuka taratibu kwa kuegemea mkuki. Tumbo lake lilipanda. Mabega yalitulia.

Alisema kwa Kinyambo. Naandika kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hayana mdundo:

"Mimi Nisiyeogopa-Giza, niliingia mlimani nikiwa na taa."

Ni hicho tu. Wageni walikuwa bado wanangoja mwendelezo. Halafu Kaiza akaitikia, kwa sauti ya chini ya tumboni, "Eeeee", akaishikilia. Wanaume wetu walistuka, wakaingia nyuma yake mmoja mmoja. Chini ya sauti hiyo niliona midomo ya Taata imebanwa. Alikuwa akipoza uji mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua.

"Mlima ulikohoa, wenzangu wakakimbia, nikabaki na nyundo."

"Eeeee."

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliinama kwa jirani yake, lakini alitaka asikike. Aliuliza kama huku kwetu watu huitikia mpaka ng'ombe warudi zizini. Wenzake wakacheka. Mkono uliokuwa mgongoni mwangu ulikaza.

Kaiza hakugeuza kichwa. "Kwetu neno hutafunwa kwanza," alisema. "Ninyi huwa mnameza?"

Kicheko kikahama upande. Ubeti uliofuata, yule mzee akaitikia pamoja nasi, kwa kirefu kuliko Kaiza, makusudi, macho yamemtoka. Kaiza hakukubali kushindwa na mgeni. Ubeti mwingine, vijana wao wakaingia. Ikawa ni mashindano. Wanaume wa pande mbili wakashindana nani atatoa pumzi kwa muda mrefu zaidi, nyuso zimeiva, mmoja akikatika wenzake wanamcheka, na Taata amesimama katikati akingoja kwa utulivu wamalize, kama mwalimu.

Nilitamani Sista aone. Nyumba nzima ilikuwa ikifanya zoezi lake.

Hata hivyo alichoka. Kuelekea mwisho nilisikia filimbi kifuani mwake, na mkuki ukaanza kuchora duara dogo kwenye nyasi. Ubeti wa mwisho ndio unaomtaja binti. Alikuwa ameutunga vizuri. Niliusikia mkekani: mlima ulichukua pumzi yangu, ukaacha nyingine, na hiyo nyingine ninawapa ninyi. Alivuta hewa. Mabega yalipanda. Hakuna neno lililotoka.

Maama aliweka kiganja mdomoni.

Kaiza akaitikia.

Hapakuwa na ubeti wa kuitikia, lakini aliitikia, kwa kirefu, na wote wakaingia, wa kwetu na wa Nyabiyonza, sijui kama walielewa au walidhani ndivyo inavyokwenda. Taata aliinamisha kichwa, akabana midomo. Mwali uiname, usizimike. Waliposhusha sauti, Kaiza akaanza tena. Ya pili ilipoisha, mabega ya Taata yalikuwa yameshuka. Alivuta kidogo kabisa.

"Leokadia ni wangu," alisema.

Akakaa.

Ubeti ule mzuri hakuusema. Hakuna anayeujua isipokuwa yeye na mimi.

Aliinama mbele, viwiko juu ya magoti, na hakuna aliyemwona kwa sababu wakati huo huo shangazi alimtoa Leokadia na macho yote yakaenda huko. Mkono uliachia gauni langu. Alipita mbele ya Taata akapiga magoti kuaga. Taata alimwekea mkono kichwani bila kusema lolote. Watu walidhani ni uchungu wa mzazi. Mimi nadhani alikuwa anatoa hewa.

Usiku alikohoa. Asubuhi hakwenda misa. Nimemkuta mkekani ameshajilaza, anangoja. Nimeweka kitabu, kimepanda, kimeshuka. Sikuona mabadiliko makubwa. Sista hakuahidi mabadiliko makubwa. Alisema mapafu hayatakuwa mapya, ila mtu anaweza kujifunza kuishi na aliyonayo.

Kaiza alipita kuchukua mitungi. Alimwambia Taata kwamba yule mzee wa Nyabiyonza ameamka bila sauti. Taata alicheka kwa uangalifu.

Shule inafunguliwa hivi karibuni. Nilipokuwa nakunja mkeka nilichukua kitabu changu, nikakifuta vumbi, nikakitia kwenye mkoba pamoja na vitu vingine. Taata alinitazama nikifanya hivyo.

"Jiwe litafaa," alisema. "Au sahani."

Sahani itafaa, ni kweli. Nimejaribu kuifikiria ikipanda na kushuka, nyeupe, haina kitu juu yake.

Kitabu kile ni mali ya shule, na mwalimu wa jiografia huvikagua siku ya kwanza, mwanafunzi mmoja mmoja, akisimama mbele ya darasa. Kuku wamerudi kwenye kahawa, inabidi niinuke.

Nimekitoa mkobani, nimekirudisha juu ya mkeka wa Taata. Siku ya ukaguzi nitasimama, nitavuta kidogo kwa pua, nitatoa polepole, na nitamwambia mwalimu kwamba kitabu changu kiko nyumbani, kinafanya kazi.